Siri ya Mbuzi wa Nyogokuru

Harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na poda ya watoto bado hunisimamisha njiani. Hapa Kasulu ninapoishi sasa, nikipita asubuhi kwenye baraza za mafundi wa sokoni, harufu hiyo hunikuta sijajiandaa, na mara nina miaka minane, nimekaa juu ya gunia tupu ndani ya stoo ya shule, magoti yamenigusa kidevu, mvua ya Novemba inapiga bati mpaka huwezi kumsikia mwenzako, nami namsubiri Nyogokuru aingie. Nyogokuru kwa watu wa huku ni bibi, mama wa mama au mama wa baba. Huyu wa kwetu alikuwa mwanamume. Jina lake lilikuwa Zakaria, alikuwa fundi wa nguo, na aliondolewa kijijini kwetu kwa neno moja ambalo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulitamka. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia bure huko mbele.

Kijiji chenyewe kiko njiani ukitoka Kibondo mjini kuelekea Murungu. Jina lake nitaliacha, maana watu wake wengi bado wako hai na wengi wao ni watu wema, jambo ambalo ndilo linaloniudhi zaidi. Baba alikuwa mwalimu mkuu, Mgogo aliyepangiwa kazi kwenye milima ambayo hakuwahi hata kuiota. Nyumbani alilalamikia baridi, alilalamikia ugali wa muhogo, alilalamikia udongo mwekundu ulioganda kwenye viatu vyake kila akivuka uwanja wa shule, lakini mbele ya mkubwa yeyote wa kazi sikumsikia akilalamika hata siku moja. Hofu yake kubwa ilikuwa kuhamishwa tena kwa adhabu, apelekwe mbali kuliko hapo, ingawa mama alikuwa akimtania kwamba mbali kuliko hapo ni Burundi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Watoto wengine walizungumza Kiha kwao, au Kirundi kwa wale ambao wazazi wao walikimbia vita na baadaye wakapewa uraia, na lugha hizo mbili ni ndugu, hazipishani sana. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha nyumbani, na baba alikuwa akijivunia Kiswahili changu mbele ya wageni kama mtu anayejivunia ng'ombe wa maziwa. Kila kulipokuwa na mgeni wa kukaribishwa au shairi la kusomwa, niliitwa mimi.

Mwaka huo shirika moja lililokuwa likifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi lilituletea maboksi mawili ya vitabu vya hadithi. Vilikaa stoo pamoja na majembe, madawati yaliyovunjika miguu na mifuko ya unga wa uji, panya wakavisoma kabla yetu. Walimu walikuwa wachache na wamechoka, na Jumamosi kila mtu mzima alikuwa shambani akipalilia maharage. Ndipo Zakaria, ambaye alishonea wanafunzi sare, alipomfuata baba akamwomba ruhusa ya kuwasomea watoto wadogo vitabu hivyo Jumamosi mchana, bila malipo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, hajaoa, mwembamba, mwenye vidole virefu na sauti iliyojua kupanda na kushuka. Alizaliwa hapo hapo Kibondo, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na karatasi zake za uraia alizihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, chini ya Biblia. Baba alikubali haraka. Ilikuwa kazi isiyomgharimu kitu, na angeweza kuiandika kwenye taarifa yake ya mwisho wa muhula.

Jumamosi ya kwanza Zakaria alikuja amevaa suruali na shati, akasimama mbele yetu na kitabu. Tulikaa tumefunga mikono kifuani kama tulivyofundishwa. Akasoma ukurasa, akauliza kama tumeelewa, tukaitikia kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" Akasoma mwingine, akauliza kama tumechoka, tukaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Akacheka, akauliza kama sungura ni mkubwa kuliko tembo, tukaitikia vilevile, kwa sauti ileile. Aliyesoma shule zetu anaijua sauti hiyo. Mwalimu akiuliza, husikilizi swali, unasikiliza namna anavyolimalizia, maana mwishoni mwa swali ndimo anamoficha jibu analolitaka. Ukimpa jibu hilo kwa nguvu pamoja na wenzako, hakuna atakayechapwa. Tulikuwa hodari sana kwa hilo. Zakaria alifunga kitabu kabla ya muda, akatazama nje kwenye mvua, akasema tutaonana wiki ijayo.

Wiki iliyofuata mlango wa stoo ulifunguliwa na mtu ambaye hatukumjua. Alivaa gauni refu lililoshonwa kwa vipande, mabaki ya vitenge vya kijiji kizima, kipande cha harusi ya huyu na kipande cha ubatizo wa yule, chini limekunjwa marinda ambayo yalifagia sakafu. Kichwani kilemba cha njano kilichopanda juu mpaka akainama kupita mlangoni. Alijipaka poda nyeupe mashavuni, wanja, na rangi nyekundu mdomoni, na mkononi bangili za plastiki zilizogongana kila alipofungua ukurasa. Alisimama, akashika kiuno, akatukagua mmoja mmoja kama bibi anayekagua wajukuu kama wameoga. "Mwiriwe, bana banje," akatusalimu kwa Kirundi, mchana mwema wanangu, na sauti ilikuwa ya bibi mwenye meno machache na maneno mengi. Mtoto mmoja alicheka, kisha tukacheka wote mpaka Yonasi mdogo, wa darasa la kwanza, akajikojolea. Hakuna aliyefunga mikono tena. Baadaye Zakaria alituambia kwamba bibi yake ndiye aliyemlea, na kwamba hadithi zote alizozijua alizipata mgongoni kwa bibi huyo, hivyo akisoma kama mwanamume hadithi zinakauka mdomoni. Inawezekana ndiyo sababu pekee. Inawezekana pia kwamba alipendeza, na alijua kwamba amependeza, na kwamba ile saa moja na nusu ya Jumamosi ndiyo aliyokuwa akiishi kwa ajili yake wiki nzima. Sijui moyoni mwake alikuwa nani. Wengi walimwuliza baadaye, lakini hakuna aliyeuliza kwa nia ya kujua.

Kwa Nyogokuru ilikuwa marufuku kujibu kwa pamoja. "Mkijibu wote, sijamsikia mtu, nimesikia kelele," alikuwa akisema, na bangili zikilia alimnyooshea mtu kidole. "Wewe hapo, unasemaje? Peke yako." Ilitutisha kuliko fimbo. Wiki za kwanza tulikuwa tukitazamana, tukijing'ata vidole. Kisha taratibu watoto wakaanza kusema, kwa Kiha, kwa Kirundi, kwa Kiswahili cha kuunga-unga, na wengine wakasema "oya", hapana, neno ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtoto ndani ya jengo la shule. Yonasi, ambaye mama yake alidhani hana akili, alibishana na Nyogokuru kwa dakika nzima kuhusu fisi. Mimi niliyezoea kusifiwa kwa ufasaha nilijikuta sina la kusema, kwa sababu hapakuwa na jibu la kukariri. Nilimchukia kidogo kwa hilo, halafu nikampenda sana.

Kitabu tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mbuzi aliyekataa kupelekwa mnadani. Anakata kamba, anakimbia, anaingia katika nyumba ya bibi mmoja maskini, na bibi anamficha chini ya kitanda. Mwenye mbuzi anakuja na fimbo. Anapiga hodi. Anauliza, "Bibi, umemwona mbuzi wangu?" Hapo panya walikuwa wamekula kurasa zilizobaki. Nyogokuru alipofika hapo alishusha kitabu, akaangalia mlango wa stoo kana kwamba mtu yuko nje kweli, akatunong'oneza kwamba mwisho tutaupata siku ya mwisho kabla ya kufunga shule, na kwa sasa mbuzi huyo yuko mikononi mwetu. Tulimwapia kwamba hatutamtoa. "Msiseme nyumbani alipo," alisema, "si kwa baba, si kwa mama, wala kwa mchungaji. Mkiulizwa?" Na hapo tu, katika jambo hilo moja, alituruhusu kujibu wote kwa pamoja. "Hatusemi!" tulipiga kelele, kwa mdundo, huku tukipiga makofi mara mbili. Kila Jumamosi tulimalizia hivyo. Njiani kurudi nyumbani, chini ya mikaratusi, tulikuwa tukiulizana kwa mtego mbuzi yuko wapi, na mwenye kuropoka alifukuzwa mchezoni.

Sitaki kusema kwamba watu wazima walikuwa wajinga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtoto wa kitongoji cha jirani alifanyiwa unyama na mtu wa karibu na familia, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa, aliyeaminiwa na kila mtu. Tangu siku hiyo akina mama walikuwa na jicho lingine. Walihesabu watoto wao jioni, waliuliza mtoto ametoka wapi na alipewa nini. Hivyo Yonasi alipojifunga khanga ya mama yake kiunoni, akasimama uani na kusema yeye sasa ni Nyogokuru, mama yake hakucheka. Mama Yonasi alikuwa muuza maandazi, mwanamke mchapakazi mwenye watoto watano na mume aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita asirudi. Alikuja kwetu mikono bado ina unga. "Mwalimu, huyu ni mtoto wangu wa kiume," alimwambia baba. "Nimemleta shule awe mtu. Sasa ananiambia kwenye stoo yako kuna mwanamume anavaa magauni, na nikimwuliza wanafanya nini humo ndani, ananiambia hasemi. Mtoto wa miaka sita, mwalimu! Anakataa kuniambia mimi!" Mama yangu alimwambia kwamba ni vichekesho tu, kwamba hata kwenye banda la video la sokoni wachekeshaji wanaume hujifunga khanga na kijiji kizima hulipa kiingilio kuwaona. Mama Yonasi akajibu kwamba wale wako kwenye video na huyu yuko na mwanawe. Mpaka leo sijapata jibu zuri la kumpa. Baba alimwahidi atalishughulikia, na hakulishughulikia.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa bodaboda alichungulia dirishani akapiga picha kwa simu. Pichani Zakaria ameinua mikono juu, mdomo wazi, sisi tumemzunguka tunacheka. Ndani ya siku mbili picha hiyo ilikuwa imefika Kibondo mjini na kurudi, na kila ilipopita iliongezewa neno. Jumapili kanisani iliombewa bila kutajwa jina. Jumatatu mtu alimpigia baba simu, sikujua ni nani, nilimwona tu baba amesimama wima sebuleni, simu sikioni, akisema "ndiyo mzee, ndiyo mzee" huku mkono mwingine umebana mshono wa suruali. Mama alimwambia, "Wewe ndiye uliyemruhusu. Simama useme hivyo." Baba akamwambia mama apunguze sauti.

Mkutano uliitishwa Jumatano asubuhi kwenye uwanja wa shule. Ukungu ulikuwa haujainuka vizuri, na watu walikuja na majembe yao ili wakitoka hapo wapitilize mashambani. Zakaria aliwekwa kwenye dawati katikati, amevaa shati lake la kijivu, amenyoa, mikono juu ya magoti. Alionekana mdogo bila kilemba. Wazee wa kijiji walisema yao, Mama Yonasi akasema yake huku akilia, kijana wa bodaboda akazungusha simu yake kila mtu aone. Kuna aliyeuliza kwa nini mwanamume wa umri ule hana mke. Kuna aliyesema wakimbizi huja na mambo yao. Zakaria aliomba kusema, akaambiwa zamu yake itafika. Ndipo mwenyekiti wa mkutano akasema kwamba watu wazima wamekwisha kusema na haki itoke kwa watoto wenyewe, na akamgeukia baba. "Mwalimu, hawa ni wako. Waulize wewe."

Tulipangwa mistari kama siku ya paredi. Baba alisimama mbele yetu, akakohoa, na alipofungua mdomo ilitoka ile sauti yake ya darasani, ambayo nyumbani hakuitumia. Alituuliza kama tulikuwa tukienda stoo kila Jumamosi. "Ndiyooo, mwalimu!" Alituuliza kama Fundi Zakaria alikuwa akivaa nguo za kike. "Ndiyooo, mwalimu!" Je, ni vizuri mwanamume kuvaa hivyo, au si vizuri? Aliyavuta maneno ya mwisho kidogo tu, na watoto walewale waliocheka stoo mpaka mwenzao akajikojolea wakaitikia kwa furaha ya kupata jibu, "Si vizuriii!" Nami nilikuwa miongoni mwao, na sauti yangu ilikuwa juu. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Baba akafuta uso kwa leso ingawa kulikuwa na baridi, kisha akaniita mbele kwa jina.

"Neema. Huyu fundi aliwahi kuwaambia kwamba kuna jambo msiseme nyumbani?"

Nilimtazama Zakaria. Nakumbuka jinsi uso wake ulivyobadilika, maana yeye alielewa kabla yangu swali hilo linakwenda wapi. Aliinuka nusu kwenye dawati. "Mwalimu, hiyo ni ya kitabu, ni ya—" Mzee mmoja akamsukuma bega akakaa. "Nyamaza! Anaulizwa mtoto." Nikajibu, "Ndiyo, baba," kisha nikajisahihisha haraka, "ndiyo, mwalimu," kwa sababu shuleni nilikatazwa kumwita baba.

"Jambo gani?"

Jibu lilikuwa maneno matano. Mbuzi yuko chini ya kitanda. Ningeyasema, watu wangecheka kwa aibu, wangechukua majembe yao, na labda Zakaria angekatazwa tu kuja Jumamosi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikuwa nimeapa, na mtu mwenye fimbo alikuwa amepiga hodi na kuuliza, kama ilivyoandikwa kitabuni, na mimi ndiye bibi niliyesimama mlangoni. Niseme kweli yote, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuisema: nilijisikia shujaa. Nilidhani Zakaria ananitazama aone kama nitamtoa mbuzi. Nikainua kidevu, nikasema kwa Kiswahili changu safi ambacho baba alikipenda sana, "Hatusemi." Na nyuma yangu watoto wote wa Jumamosi, wakubwa kwa wadogo, kwa mdundo wetu, wakapokea kwa sauti moja, "Hatusemi!" na makofi mawili.

Akatokea mwanamke aliyepiga yowe, nadhani alikuwa Mama Yonasi, na watu wakafumuka. Zakaria alikuwa akisema kitu, midomo yake ilikwenda, lakini hakuna aliyesikia. Baba alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa mlingoti wa bendera. Alijua. Nimelifikiria hili miaka mingi na nina hakika kwamba alijua, kwa sababu kitabu cha mbuzi kilikuwa nyumbani kwetu juu ya meza wiki nzima, maana mimi ndiye niliyekabidhiwa vitabu vya stoo, na alikuwa amekwisha kuniuliza kwa nini nasoma kitabu kisicho na mwisho. Angeweza kuniuliza swali la tatu. Aliukamata mlingoti kwa mkono mmoja, akatazama viatu vyake vyenye udongo.

Walivunja mlango wa stoo, wakalitoa gauni la vipande, wakamvalisha kwa nguvu juu ya shati. Walimtembeza hivyo kwenye barabara kuu mpaka njia panda, wanaume wakimpiga makofi na ndala, wakimwambia arudi kwao, naye alikuwa akitembea barabara ileile aliyojifunzia kutembea. Sisi watoto tulifuata nyuma. Tulikuwa tukicheka. Alikuwa amevaa gauni letu, na tulipomwona amelivaa tulizoea kucheka, na nadhani wengi wetu tulidhani muda si mrefu atageuka ashike kiuno. Kofi moja lilimpata sikioni, akaenda upande kama mlevi, na kilemba kikaangukia kwenye dimbwi. Hapo Yonasi akaacha kucheka. Alianza kulia kwa sauti, akimwita "Nyogokuru, Nyogokuru," mpaka dada yake akamziba mdomo. Kesho yake asubuhi, baraza ya Zakaria ilikuwa tupu. Watu walimwona akisukuma baiskeli, cherehani imefungwa nyuma, anaelekea barabara ya Kasulu. Vitabu vilichomwa nyuma ya vyoo, isipokuwa kimoja kilichokuwa kwetu.

Baba hakuhamishwa. Alistaafu kwa heshima, akapewa baiskeli na mabati, na sasa anaishi kwao Dodoma ambako hakuna baridi. Tukiongea kwa simu huniuliza kuhusu mvua na bei ya maharage. Mara moja tu, nilipomwambia nimepangiwa kufundisha darasa la awali hapa Kasulu, alisema, "Uwe mwangalifu na wazazi." Nilingoja aendelee, lakini alimpa mama simu.

Miezi michache iliyopita mwenzangu mmoja alituonyesha kwenye simu, ofisini kwa walimu wakati wa chai, picha za nchi za mbali, wanaume waliovaa magauni na mawigi ya rangi wakiwasomea watoto vitabu, na nje ya jengo watu wamejipanga pande mbili wakizomeana kwa mabango. Ofisi yote ikachangamka. Mmoja alisema dunia imekwisha. Mwingine, kijana kutoka Mwanza, alisema yeye haoni tofauti na wachekeshaji wa kwetu, akazomewa mpaka akamwaga chai. Mwalimu wa taaluma akafunga mjadala: "Ashukuriwe Mungu, huku kwetu hayo hayapo, na hayajawahi kuwapo." Waligeuka kunitazama, maana nilikuwa sijasema lolote, na mtu akauliza, "Neema, wewe unasemaje?" Nilisema kengele imelia. Ilikuwa bado dakika tano.

Jioni hiyo nilikwenda sokoni na kitambaa mkononi. Nilijua alipo tangu zamani, ilikuwa miaka miwili napita upande wa pili wa barabara. Zakaria ana mvi sasa. Anashona sare za shule na suti za harusi, na mteja akimsemesha hugeuza kichwa ampe sikio la kulia, kwa kuwa la kushoto halisikii. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwalimu. Gauni au sketi?" Nikasema gauni. Alinipima mabega, akaandika, akanipima kiuno, na nikiwa nimeinua mikono juu nikamwambia mimi ni nani.

"Najua," alisema, bado anasoma tepu yake. "Nimekujua tangu ulipoanza kupita ng'ambo ile. Una sura ya baba yako."

Nikamwomba anisamehe. Aliikunja tepu taratibu kwenye vidole vyake virefu. "Wewe hukusema uongo," alisema. "Niliwaambia msiseme, hamkusema. Niliwafundisha vizuri mno." Hakusema kwa hasira, na hakusema kunifariji. Nikauliza kitu cha kitoto, nikauliza ule mwisho ulikuwaje, bibi alimjibu nini yule mwenye fimbo. Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mwisho sikuwa nao," alisema. "Nilikuwa nangoja ninyi mniambie. Mmoja mmoja." Kisha akanyoosha mkono kupokea kitambaa, akaniambia nirudi Ijumaa.

Ijumaa nilichukua gauni, limeshonwa vizuri. Jumatatu nililivaa darasani, nikachukua kile kitabu ambacho nimehama nacho nyumba hadi nyumba. Watoto wangu ni sitini na wawili, miaka mitano na sita, wengine bado wana kamasi, na walinisikiliza wamefunga mikono kifuani, ingawa sikuwahi kuwaambia wafunge. Nilisoma mpaka pale panya walipoishia. Mwenye mbuzi amepiga hodi, amesimama mlangoni na fimbo, ameuliza. Nikashusha kitabu, nikawauliza bibi afanye nini sasa, aseme au asiseme, na nikamnyooshea kidole mtoto mmoja wa dawati la mbele, nikamwambia ajibu peke yake. Alinitazama usoni, na wenzake wote wakanitazama usoni, macho sitini na mawili mara mbili, wakitafuta huko jibu ninalolitaka. Nikawageuzia mgongo ili wasilione. Nilisimama hivyo nikiutazama ubao, nikingoja sauti moja, na nyuma yangu hakuna aliyesema.